Asante, Mama, Maombi Yako Yamefika

Mama mdogo alinilea kwa sato wa kukaanga na foleni ya magari. Mama mzazi alifariki kabla sijaanza shule, mdogo wake akanichukua Busisi, kwenye chumba ambacho ukifungua mlango unaiona barabara ikishuka mpaka majini. Pantoni ilipokuwa ng'ambo ya Kigongo, magari yalijipanga kuisubiri, naye alipita katikati yake na beseni kichwani akigonga vioo vya mabasi. Sijawahi kumwita mama mdogo. Namwita mama, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Daraja la kuvukia ziwa lilipofunguliwa, pantoni ikaachwa, alikuwa miongoni mwa walioenda kushangilia. Alivuka kwa miguu mpaka Kigongo, akageuza, akarudi kwa miguu, na jioni akanipigia simu kunieleza upepo wa kule juu ulivyompeperushia kanga. Wiki haikuisha akapiga tena. Magari yalikuwa yanapita bila kusimama, na beseni alilotoka nalo asubuhi alirudi nalo limejaa.

"Tulikuwa tunakula foleni, mwanangu," alisema. "Na foleni imekwisha."

Hakulilaumu daraja. Alishaona wagonjwa wakiisubiri pantoni huku jua linawachoma, hakuwa na roho ya kutamani siku zile zirudi. Alichotaka ni mahali pengine pa kuweka jiko lake.

Mahali hapo palipatikana, au tulidhani palipatikana. Shirika dogo la akina mama wajasiriamali lilijenga banda la soko kule Buhongwa, likatangaza vizimba vya kuuzia kwa wanawake waliokuwa wanauza kivukoni, wa upande wa Kigongo na wa Busisi. Mimi naishi Buhongwa. Nilikifagia chumba cha pili, nikatandika kitanda, nikapigilia misumari miwili ukutani ya kutundikia kanga zake. Kilichobaki ilikuwa fomu ya kuomba kizimba, iliyokuwa kwenye tovuti ya shirika, na tovuti hiyo nilikuwa nimeitengeneza mimi.

Niseme kweli: tuliitengeneza wawili. Nina mwenzangu niliyesoma naye chuo, tulikuwa tumepanga chumba kimoja Mkuyuni, ghorofani juu ya duka la vipuri, na tulikuwa tunatengeneza tovuti za shule, nyumba za wageni, hata kwaya moja. Kazi tuligawana. Yeye alishika mambo ya ndani, yale ambayo mtu wa kawaida hayaoni. Mimi nilishika sura na maneno. Kila neno linalotokea kwenye kioo, kuanzia "karibu" mpaka "umekosea", liliandikwa na mimi, na nilijivunia hilo, kwa sababu Kiswahili cha tovuti nyingi kinasomeka kama karatasi ya maelekezo iliyofungwa kwenye dawa ya panya.

Tatizo la kwanza la fomu lilikuwa takataka. Ukiweka fomu mtandaoni leo, kesho inaingiliwa na vijiprogramu vinavyozunguka dunia nzima kuzijaza fomu za watu. Katibu wa shirika alikuwa akifungua kompyuta asubuhi anakuta waganga wa kurudisha wapenzi, michezo ya kubahatisha, na matangazo ya viatu kwa lugha asiyoijua hata kwa kuikisia. Ombi la mama mmoja wa Kigongo alilikuta limebanwa katikati ya waganga wawili. Alilalamika, na alikuwa na haki. Mwenzangu akaweka zile picha tisa zinazokuomba uthibitishe kwamba wewe si roboti.

Nilimpa mama simu yangu ajaribu, Jumapili moja nilipokwenda kumsalimia. Aliambiwa achague picha zenye mabomba ya zima moto. Picha zilikuwa za mitaa ya Ulaya, na kwenye kona kila mtaa ulikuwa na kitu kifupi, chekundu, kimesimama peke yake. Aliniuliza kama ni mtungi wa gesi. Nikamweleza. Akachagua, ikakataa, ikamletea taa za barabarani. Akachagua, ikakataa. Mara ya nne aliniwekea simu mapajani.

"Mimi na mvi hizi," alisema, "nikathibitishe kuwa ni mtu?"

Tulicheka, lakini nilirudi Mkuyuni nimekasirika. Nilimwambia mwenzangu kwamba zile picha zinawafukuza wale wale ambao fomu imewekwa kwa ajili yao. Roboti wa siku hizi anazitambua kuliko mama yangu. Tulibishana asubuhi nzima. Yeye alisema ukifungua mlango wazi, wezi wataingia. Mimi nikasema ukifunga kwa kufuli ambalo mwenye nyumba hana ufunguo, umejenga nini? Mwishowe alikubali. Aliziondoa picha, akaniambia ataweka mlinzi mwingine, anayekaa ndani, asiyemsumbua mtu. "Mtu anajaza, anabonyeza, anaondoka," alisema. Nikafurahi. Sikumuuliza huyo mlinzi anafanyaje kazi. Mambo ya ndani yalikuwa yake, na nilimwamini.

Nilimwamini kwa sababu nilikuwa na sababu. Kwa miaka minne mama alikuwa akituma samaki kila mwisho wa mwezi, sato wawili wamefungwa kwenye gazeti, mmoja wangu na mmoja wa "mwenzako". Wa kwake mwenzangu aliwala wote, na vichwa akavinyonya. Alipolazwa na malaria, mama alivuka ziwa na uji wa ulezi kwenye chupa. Naye mwenzangu alikuwa anamwamkia shikamoo kwa kuinama kabisa, si ile ya mdomoni tu.

Sasa nieleze jinsi fomu inavyojazwa Busisi, maana mambo yote yanasimama hapo. Hakuna mama wa kivukoni anayejaza fomu mwenyewe. Anakwenda steshenari. Pale kuna bwana mmoja mwenye kompyuta, printa na kiti cha plastiki, ambaye amewaombea watu wa eneo lile vyeti vya kuzaliwa, mikopo ya vyuo, ajira na hati za viwanja. Unakaa, unamtajia jina, yeye anapiga chapa. Fomu ikitaka anwani ya barua pepe anaweka yake, kwa kuwa wewe huna. Fomu ikisema "eleza biashara yako kwa kifupi", anakutungia. Akishamtungia mtu wa kwanza maelezo mazuri, habadilishi. Anawawekea na wengine hayo hayo, anabadilisha jina na namba ya simu tu. Hakuna anayeliona hilo kuwa kosa. Bwana huyo ana Kiswahili cha ofisini, na kila mtu anataka hicho hicho alichoandikiwa jirani.

Mimi nimekulia hapo. Cheti changu cha kuzaliwa kiliombwa hivyo. Mwenzangu naye kwao ni Sengerema, na alinisimulia mwenyewe kwamba barua yake ya kwanza ya kuomba chuo iliandikwa steshenari. Alilijua hili sawa na mimi.

Wanawake wa Busisi walikuwa wamepanga kwenda ofisini kwa shirika na barua za mkono. Walishachagua siku. Mama alinipigia kuniuliza kipi bora, nami nikamwambia wasihangaike na nauli na jua, wajaze fomu, itafika kabla hawajafika wao. Nilisema kwa majigambo kidogo. Mama akawaambia wenzake waache safari. Nilikuja kujua baadaye alivyowaambia: fomu hiyo imetengenezwa na mwanangu, haiwezi kutuangusha.

Walikwenda steshenari siku moja, wanawake thelathini na watatu, wakapanga foleni. Mama alijiweka wa mwisho, maana yeye ndiye aliyekuwa kama mwenyeji wa jambo. Kila mmoja alipomaliza, kioo kilileta ujumbe wangu, na yule bwana akamchapia kwenye karatasi: "Asante, mama. Maombi yako yamefika mikononi mwetu salama. Tutakupigia." Neno "mama" niliwashawishi shirika waliache. Nilipoliandika nilikuwa nikimfikiria yeye.

Siku ya majina kutangazwa, Busisi ilikuwa na wawili, wale waliotangulia kwenye foleni. Mama hakulalamika. Alinipigia kuuliza kama kuna orodha ya pili. Nikamwambia pengine ipo. Kesho yake alikuja Buhongwa mwenyewe, akatoa kwenye pochi mfuko wa nailoni, ndani yake kitambulisho, kadi ya kliniki ya marehemu dada yake, na ile karatasi. Aliikunjua mezani, akaiweka vizuri niisome, kana kwamba sijawahi kuiona.

"Wamesema imefika," alisema. "Waulize tu imekaa wapi."

Nilikwenda Mkuyuni nimembeba mama moyoni na karatasi mkononi. Mwenzangu alikuwa ametoka, ameitwa Buhongwa huko huko na shule fulani. Nikakaa kwenye kompyuta yake. Kwenye maombi yaliyopokelewa jina la mama halikuwepo. Nikaanza kufungua milango ya ndani, ile ambayo kwa miaka minne sikuwahi kuigusa, mpaka nikafika kwenye jalada la taka. Waganga walikuwepo. Viatu vilikuwepo. Na katikati yao, wamepangana, walikuwepo wanawake wa Busisi thelathini na mmoja.

Mlinzi wake alifanya kazi hivi. Akiona kompyuta moja, anwani moja na maelezo yale yale yanarudi zaidi ya mara mbili, anaamua huyu ni roboti na anamtupa. Lakini hamwambii. Anamwonyesha ujumbe wa shukrani kama wengine, ili roboti asijue amekamatwa akatafuta njia nyingine. Wanaoijua kazi hii wanausifu ujanja huo, na kwa roboti hauna ubaya. Mama yangu alikaa kwenye kiti cha plastiki zamu ya thelathini na tatu, akashukuriwa, akatupwa, akapewa na karatasi ya ushahidi.

Hapo bado nilikuwa naweza kusema ni bahati mbaya. Kisha nikaona wino. Kwenye jalada lile, ujumbe ambao haujafunguliwa huandikwa kwa wino mzito, na uliofunguliwa kwa wino mwembamba. Waganga wote walikuwa na wino mzito. Wanawake wote wa Busisi walikuwa na wino mwembamba, mpaka wa mwisho, jina la mama, na pembeni yake siku ombi lake lilipofunguliwa. Ilikuwa siku nne kabla maombi hayajafungwa.

Nilimsubiri. Alipoingia alinikuta nimekaa kwenye kiti chake. Aliweka begi chini, akabaki amesimama.

"Uliyaona," nilisema.

Alisema aliyaona. Mwanzoni alidhani ni takataka kwa jinsi yalivyofanana, kisha akaona namba za simu ni za watu tofauti, akaelewa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alinieleza kwa utaratibu kabisa, na utaratibu huo ndio ulioniumiza. Angeniambia, mimi ningewaambia shirika, wangejua mtambo wetu unatupa watu, na wakati ule walikuwa wanafikiria kutupatia kazi ya tovuti nyingine mbili. Akasema pia aliogopa kuyarudisha kimya kimya, katibu angeuliza mbona yamekuja kwa mkupuo. Akaona ayaache.

"Na mama?"

"Sikuona jina lake. Sikufika chini."

Nikamgeuzia kioo. Alitazama lile jina lenye wino mwembamba. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nilifundishwa darasa la tatu nikaijibia mtihani, sikujua kwamba siku moja itakuwa na pengo la jino na shati la mistari, kama yeye. Nilitaka kumtukana. Nilichokisema ni kwamba samaki wa mwezi huu tayari yuko njiani. Nikaanza kukusanya vitu vyangu, waya wa kompyuta ukanishinda kuuchomoa. Akaja kuuchomoa yeye. Nilimwachia waya.

Kwa shirika nilikwenda siku hiyo hiyo na majina yote nimeyachapa. Katibu aliyasoma moja moja, na alikuwa muungwana kuliko nilivyostahili. Alisema vizimba vimeshagawiwa, funguo zimeshasainiwa, na waliopewa wameshaanza kuleta meza. Hawezi kumnyang'anya mtu. Ikitokea awamu nyingine watakumbukwa, lakini hajui kama itatokea. Aliniuliza kwa nini hatukusema mapema, siku nne zile zingetosha. Nikamwambia sikujua. Nilisikia jinsi jibu hilo lilivyo jepesi, ingawa lilikuwa la kweli.

Mama nilimweleza nyumbani, kwenye kile chumba cha pili, amekaa kwenye kitanda kipya. Nilimweleza yote: mlinzi, jalada, siku nne, wino. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama mwenzangu ndiye yule yule aliyepelekewa uji. Nikasema ndiye. Alishika misumari yangu ukutani kwa vidole, mmoja halafu wa pili, akasema kesho twende wote Busisi, wenzake wanasubiri jibu, na jibu hili halifai kupelekwa kwa simu.

Tulivuka daraja asubuhi. Walikuwa wamekaa nyuma ya steshenari, kwenye kivuli cha ukuta, wengi wao wakiwa wanawake waliokuwa wananipangusa makamasi nilipokuwa mtoto. Niliwaamkia, wakaitikia marahaba kwa sauti ya pamoja, wakanisogezea kigoda. Kila mmoja alikuwa amekuja na karatasi yake. Wengine walizifunga kwenye nailoni kama mama. Mmoja alikuwa ameipeleka kuwekwa plastiki ngumu, kama cheti.

Niliwaambia kwamba maombi hayakufika. Niliwaambia mashine iliwadhania wote ni mtu mmoja, na mtu huyo si mtu. Wapo waliocheka kidogo. Niliwaambia vizimba vimekwisha, na hakuna aliyecheka tena. Yule bwana wa steshenari alitoka akasimama mlangoni, akauliza kama kosa ni lake. Nikasema si lake. Hakuridhika, nilimwona anahesabu kichwani ni fomu ngapi nyingine alizowahi kuzituma kwa namna ile.

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, ambaye alikuwa anauza karanga za kuchemsha, aliinua karatasi yake.

"Hii inasema yamefika," alisema. "Kwa hiyo inasema uongo?"

"Ndiyo, bibi."

"Na haya maneno yameandikwa na nani? Mtu anayeniita mama?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo halikuwemo. Ningeweza kumwambia kwamba niliyaandika kwa nia njema, na nisingekuwa nimedanganya. Kabla sijaamua, mama alijibu kwa niaba yangu, huku anatazama barabarani.

"Mashine, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Yanaandikwa na mashine."

Bibi akatikisa kichwa, akaikunja karatasi, akairudisha kifuani. Wengine nao wakaanza kukunja za kwao. Nafasi ya kusema "ni mimi" ilikuwepo, tena ilikuwa ndefu. Magari mawili makubwa yalipita kuelekea darajani huku nikiitazama nafasi hiyo ikipita. Nilinyamaza. Nilimwelewa mwenzangu vizuri zaidi kuliko nilivyotaka, na sikumsamehe, na mimi mwenyewe sikujisamehe.

Mama alinisindikiza mpaka kituoni. Yeye alikuwa anabaki; alisema atajaribu kukaangia pale barabara inapoingia darajani, labda wapo madereva watakaosimama kupiga picha. Basi lilipokaribia nilimshika mkono, nikatafuta la kumwambia kwa kunifichia aibu mbele ya wenzake, nikapata lile lililozoea kutoka mdomoni.

"Asante, mama."

Alinitazama, akautoa mkono wake taratibu, akanirekebishia kola ya gauni kama alivyofanya nilipokuwa nakwenda shule.

"Hilo, mwanangu, nimeshapewa," alisema. "Ninalo kwenye pochi."